Kitenge cha Kuzibia Televisheni

Kustaafu ni neno la walimu na watumishi wa serikali. Mimi nimemaliza kazi nikiwa bado naitwa kijana, kwa sababu kazi yenyewe imekufa kabla yangu. Lakini niliianza nilipomaliza darasa la saba, na hapa Issuna hakuna mwingine aliyewahi kuifanya. Ninyi wadogo zangu mnaoonyesha mpira kwenye mabanda ya siku hizi mmeniomba niwaeleze ilivyokuwa. Kusimama mbele yenu na kusema nisingeweza. Kuandika naandika polepole, lakini karatasi hainikodolei macho.

Kazi yangu ilikuwa kuziba televisheni kwa kitenge.

Banda la video lilikuwa la Mama Hadija, mjane aliyejenga nyuma ya mashine ya kusaga. Lilikuwa na kuta za udongo, bati juu, magunia kwenye madirisha ili kuwe na giza, na mabenchi ambayo fundi hakuyapiga randa vizuri. Mbele kulikuwa na televisheni ya chogo, deki na spika moja, na nje jenereta iliyokohoa kama mvuta tumbaku. Siku za mnada watu walikuja familia nzima, na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Kwetu mtu akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, huacha njia akapita shambani. Sasa watu hao hao waliketi chumba kimoja, gizani, wakitazama tamthilia za nchi za mbali ambazo watu wake walibusiana bila kutoa taarifa.

Kabla yangu ilishatokea. Mzee mmoja alikuwa benchi la mbele na mke wa mwanawe yuko nyuma yake. Busu lilipotokea, mzee alisimama akatoka akikanyaga miguu ya watu, na mkwewe akajifunika kanga gubigubi. Mzee hakurudi bandani mpaka mtama ulipovunwa. Mama Hadija alifikiri la kufanya. Kuzima haikuwezekana, maana deki ile ukiizima ilianza upya toka mwanzo. Kitufe cha kupeleka mbele kilikuwa kimekufa, na rimoti hatukuwahi kuiona. Ikabaki kitambaa.

Vijana waliokuwa wanataka kazi hiyo walikuwa wengi, wachangamfu wanaojua kusalimia kila mtu. Mama Hadija aliwapita wote akaja nyumbani kwetu kuniomba kwa mama, mimi ambaye wageni wakija najificha zizini. Mama alishangaa. Mama Hadija akasema, "Namtaka mwenye haya. Asiye na haya atachelewa kuziba."

Siku ya kwanza nilikwenda na kanga ya mama. Saa yenyewe ilipofika niliiinua upesi kabisa, nikafurahi, kisha nikasikia banda zima linacheka. Kanga ilikuwa nyepesi. Midomo ya wale watu ilionekana kupitia kwenye kanga, mikubwa zaidi, na maua ya kanga juu yake. Nilitamani niingie ndani ya spika. Siku iliyofuata Mama Hadija alinipa kitenge kizito, kimekunjwa mara mbili, kimeshonewa ufito juu ili kisilegee. Nilisimama kando ya televisheni nikiwapa watu mgongo. Hilo lilinifaa sana. Ni kazi chache duniani unazoweza kufanya mbele ya watu wote na usimwone hata mmoja.

Mama Hadija alinifundisha kwa siku nyingi, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alisema nisiangalie midomo, kwa sababu ukisubiri midomo umekwisha kuchelewa. Niangalie mikono: mkono ukipanda begani kwa mtu, nijiandae. Na nisikilize muziki. Ukilainika, nisimame. Sauti ilibaki wazi siku zote, ili watu wasipoteze hadithi. Kwa hiyo mpaka leo naweza kufumba macho nikakuambia tamthilia imefika wapi.

Nilikosea pia. Kuna mtu alizama ziwani, wakamtoa, na daktari akainamisha kinywa chake kwenye kinywa cha yule mtu. Muziki ulikuwa laini, mikono ilikuwa kifuani. Nikaziba. Nilipotoa kitenge, mtu aliyekufa amekaa anakunywa chai. Issuna ilibishana wiki nzima kuhusu dawa aliyopewa, na baba mmoja aliapa kwamba aliinusa.

Watu wakaniita Pazia. Nililipenda jina hilo. Nikipita sokoni wazee waliipokea shikamoo yangu kwa uzito, kama mtu anayelinda kitu. Nami niliamini nalinda.

Sasa niseme juu ya mchezo wa Mlenda.

Ulikuwa mchezo wa kuchekesha wa hapa nchini, wa Kiswahili. Mlenda ni msichana wa kazi aliyetoka bara, yuko kwenye nyumba ya tajiri mjini. Kitambaa chake cha kichwa kimekaa upande, anatembea kama anaruka mitaro, na lafudhi yake imetengenezwa ifanane na yetu, na mtu ambaye nadhani hakuwahi kufika kwetu. Jina alipewa na bosi wake, mama mwenye nyumba, kwa sababu kila akiambiwa apike anapika mlenda. Kila mchezo unakwisha kwa bosi kumwadhibu, na Mlenda anajibu, "Asante, mama." Hapo watu wa ndani ya televisheni wanacheka, wale wasioonekana. Na sisi tulicheka. Tulicheka mpaka machozi, tukafuta machozi, tukaenda nyumbani kula ugali wa mtama kwa mlenda.

Jirani yetu alikuwa na binti anaitwa Rehema. Alinizidi umri, nami nilimwita dada. Alikwenda Dodoma kufanya kazi za ndani, akarudi kabla hatujamtarajia, kitambaa shingoni wakati wa joto. Nilimsikia mama yake akimsimulia mama yangu wakipepeta mtama: mama mwenye nyumba alimmwagia Rehema uji wa moto, kwa sababu mtoto alilia na Rehema alikuwa anafua. Kovu lilianza nyuma ya sikio likashuka mpaka begani. Baada ya hapo Rehema hakutoka nyumbani muda mrefu.

Siku aliyotoka, alikuja bandani na wadogo zake. Tuliweka mchezo wa Mlenda, na ulikuwa ule wa sufuria. Bosi anaonja mboga, anakunja uso, anamwita Mlenda jikoni. Anabeba sufuria nzima na kummwagia kichwani. Mlenda unaning'inia masikioni mwa yule msichana kama hereni. Anajifuta macho. "Asante, mama."

Mimi nilikuwa mahali pangu, kitenge mkononi. Niliijua hadithi ya uji. Nilijua Rehema amekaa wapi, kwa sababu nilimwona akiingia. Lakini mkono wa bosi ulikuwa kwenye sufuria, haukuwa begani. Muziki haukulainika. Kwa sheria zangu hapakuwa na cha kuziba. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikiwa nimewageuzia mgongo. Nyuma yangu nikasikia benchi linasogea, kisha sauti ya kijana mmoja, "Mlenda huyo anaondoka."

Kuanzia siku hiyo hilo likawa jina lake. Watoto walimwita kisimani na kumsubiri aseme asante mama. Watu wazima waliliita bila ubaya wowote, kama jina la mtu. Hakuja tena bandani.

Miaka ikaenda. Umeme ukafika, ving'amuzi vikaingia majumbani, kisha simu. Kila mtu akawa anatazama yake mkononi, na mkwe na mkwewe hawana haja ya kukaa chumba kimoja. Waliobaki walitaka mpira, na katika mpira hakuna cha kuziba zaidi ya matokeo. Mama Hadija akachoka magoti, akasema tutafunga.

Kabla ya kufunga alinituma nisafishe CD zote na kuzijaribu, aone zipi atauza na zipi atawaachia wajukuu. Nilikaa mchana bandani peke yangu nikitazama, kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa kwenye benchi. Ile tamthilia ya dada wawili na kisima chao ni nzuri hata leo, nilirudia sehemu ya mwisho. Mlinzi na mbwa wake mvivu bado wananichekesha. Mabusu niliyoyaziba ujana wangu wote ni mafupi na makavu, kama kuku anadonoa punje. Kuku hufanya hivyo mbele ya mchungaji na ibada inaendelea.

Lakini kulikuwa na mume aliyempiga mkewe kofi kila akirudi nyumbani, na baada ya kofi tarumbeta inalia ili tucheke. Kulikuwa na kiwete aliyeangushwa kila mchezo. Kulikuwa na Mlenda. Hivyo vyote vilipita mbele ya kitenge changu vikiwa wazi. Kwa kofi sikuwahi kusimama hata mara moja. Nilizima deki nikakaa. Niliona aibu, ingawa sikuwa na wa kunitazama, na sikujua kwamba aibu inaweza kumpata mtu akiwa peke yake.

Rehema alinikuta hapo hapo, akasimama mlangoni. Nilikuwa nimeshasikia kwamba amepata mchumba wa Kinampanda, huko Iramba, mkulima, na kwamba watu wake wanakuja kwa mazungumzo. Nilimwamkia. Akaitikia, akasema, "Pazia, wageni wanafika Jumamosi. Kaka yangu anataka akishawalisha awalete hapa wapumzike, kwa kuwa mnafunga. Ule mchezo usiwekwe."

Nikasema, "Sawa, dada."

"Jina lile nataka libaki hapa. Nikilikuta Kinampanda limenitangulia, kule sitakuwa mke wa mtu. Nitakuwa kwenye kazi za ndani tena, na safari hii sitaweza kurudi."

Nikasema tena sawa, kwamba nitamwambia Mama Hadija.

Sikumwambia. Nilikwenda kwake nikamkuta na watu, nikasalimia, nikachukua ufagio nikafagia uwanja wake usiokuwa na taka, nikarudi. Ni sentensi moja tu, na ilinishinda. Nikafanya nilichoweza kufanya bila kufungua mdomo: niliiweka CD ya Mlenda chini kabisa ya sanduku, chini ya zile zilizovunjika, nikajiambia imetosha.

Jumamosi banda lilijaa kama zamani. Wageni walipewa benchi la mbele: baba mdogo wa bwana harusi, mzee mkimya, na shangazi yake, mama mnene wa Kinyiramba aliyekwisha kucheka na kila mtu tangu asubuhi. Kwa desturi Rehema angebaki nyumbani. Lakini yule shangazi alimshika mkono njia nzima akisema hatazami televisheni na wanaume watupu, na akamketisha ubavuni pake. Rehema alinitazama mara moja. Nikaangalia ufito wangu.

Tulianza na mlinzi na mbwa wake. Watu wakafurahi, mgeni yule mzee akacheka kwa pua. Mchezo ulipokwisha, nyuma wakaanza kudai Mlenda. Wengine waliudai kwa kuukumbuka tu. Wawili watatu walikuwa wanajua wanachokifanya, niliwatambua kwa sauti zao. Kaka yake Rehema aliinama akawa anachezea kofia yake. Nilimwambia Mama Hadija kwa sauti ya chini kwamba CD ile imekwaruzika. Akasema hakuna CD ya kumshinda, akaichimbua kutoka chini ya sanduku, akaipaka dawa ya meno, akaifuta kwa upindo wa kanga yake. Kwake Mlenda lilikuwa jina tu la utani, kama langu la Pazia. CD ikacheza safi. Katika miaka yote haikuwahi kuonyesha vizuri namna ile.

Ulikuwa ule wa sufuria.

Bosi akaonja. Akakunja uso. Nyuma yangu nikasikia watu wanaambiana bado kidogo, bado kidogo. Akamwita Mlenda jikoni. Mikono yake ikashika sufuria, na muziki haukulainika, ila mimi nilikwisha simama na kitenge kikawa juu.

Kisha mtu akauliza kama Pazia amelewa. Mwingine akasema hapo hakuna busu, aondoe tambara lake. Wakapiga miluzi. Ufito uligonga kioo, lakini sikushusha. Sikuweza pia kusema kwa nini sikushusha. Na sauti, kama nilivyowaambia, haikuwahi kuzibwa. Tulisikia sufuria inamwagwa. Tulisikia, "Asante, mama." Tulisikia wale wasioonekana wakicheka.

Shangazi akauliza kwa nini amezuiwa kuona. Kijana mmoja akamjibu kwamba huyo ndiye mwenye kuziba mambo ya aibu.

"Aibu gani imo hapo?" akauliza shangazi.

Ndipo Rehema akasimama. Alisema taratibu, kama anayeomba chumvi, "Pazia, toa kitambaa. Warudishie mwanzo, wageni waone."

Nilishusha kitenge. Mama Hadija akazima na kuwasha, mchezo ukaanza upya, na tukausubiri pamoja mpaka ukafika jikoni. Rehema hakuwa amekaa. Sufuria ilipoinuliwa akasema, "Shangazi, huyo anaitwa Mlenda. Hapa Issuna na mimi wananiita hivyo. Nimeona ulisikie kwangu." Akafungua kitambaa chake cha shingo, akakikunja, akakishika mkononi.

Sufuria ikamwagwa. Wale wa ndani ya televisheni wakacheka, wakacheka tena. Katika banda letu hakuna aliyecheka, hata wale wawili watatu. Shangazi alitazama televisheni, akatazama lile kovu, akageuka na benchi lake lote akatutazama sisi. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mgeni anayetaka kuelewa mila za watu.

"Na hapa ndipo mlipokuwa mnacheka?"

Nimesema faida ya kazi yangu ilikuwa kuwapa watu mgongo. Siku hiyo niligeuka kwa mara ya kwanza nikaona nyuso zao. Wote walikuwa wanaangalia chini, watu wazima, wazee wenye wajukuu, kama inavyosimuliwa walivyoangalia siku ile mzee alipokanyaga miguu ya watu kutoka nje. Mama Hadija alivuta waya wa deki. Yule baba mdogo mkimya akasema wamechelewa, wanaye binti yao wa kwenda kuzungumza habari zake, na wakatoka.

Nilikuwa nakunja kitenge mlangoni Rehema alipopita nyuma ya wageni. Alisimama.

"Kumbe hata mchezo huo ulikuwa unaweza kuuziba," akasema.

Nilikikunja kitenge mara nyingine.

"Siku ile ya kwanza kitenge ulikuwa nacho mkononi. Nilikiona."

Akaenda zake. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na afadhali ingekuwa.

Mama Hadija alinipa kitenge kile kiwe changu. Mama yangu anasema ni kizuri bado, nikishone shati. Sijaweza. Kimekaa kwenye sanduku la nguo, na ufito wake.

Mmeniuliza mfanye nini, ninyi wenye rimoti zinazofanya kazi. Sijui mengi. Naweza kuwaambia tu kwamba Mama Hadija alinifundisha mikono na muziki, na alinifundisha vizuri, lakini hakuna aliyenifundisha kugeuka nikaangalia benchi gani halicheki. Hilo ningeweza kulijua mwenyewe. Geukeni mara moja moja.

Harusi ilifanyika baada ya mavuno. Nilialikwa, nikakaa karibu na nguzo ya turubai. Shangazi alikuja na kundi zima la Kinampanda, na mtu mmoja wa kwetu alipoteleza ulimi akataja jina lile, shangazi alimuuliza kwa upole, mbele ya watu, anamtafuta nani. Mshereheshaji alipowaita maharusi wapite mbele alisema Rehema, na watu wote wakasema Rehema.

Kisha akawaita majirani wapeleke zawadi zao, mmoja mmoja. Mimi aliniita Pazia. Watu wakacheka kidogo, na Rehema akainua uso kunitazama. Nikaitika, nikaenda mbele.